MAMBO YA NYUMBANI: Rauta Inayokwenda Polepole



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka Mugumu, na tena kutoka pande za Nyamwaga na Sirari, kwa maneno mbalimbali lakini shida ni moja. Mtu amenunua rauta, amelipa fedha ya mwezi mzima, taa zote za chombo zawaka vizuri, walakini ukurasa mmoja wa mtandao hufunguka kwa muda wa kuchemsha chai. Mwalimu mmoja asema kwamba hukesha akijaza taarifa zake za utendaji katika mfumo wa PEPMIS, na kila anapotaka kuzihifadhi, kazi yote hupotea. Mzazi mwingine ana binti anayeomba mkopo wa masomo ya juu, na maombi hayo Bodi ya Mikopo huyapokea kwa njia ya mtandao, nayo yana siku yake ya mwisho. Basi si jambo la mchezo. Tena huleta ugomvi nyumbani: baba asema watoto wamekula bando, watoto wasema rauta ni mbovu, na mama asema tangu mwanzo ilikuwa heri kununua mbuzi.

Kabla ya kumhukumu mtu, na kabla ya kutoa shilingi nyingine, yafaa kujua jambo moja. Habari zinazotoka katika simu yako hupita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ndani: kutoka simu hadi rauta, hewani, katika vyumba vyako mwenyewe. Hiyo ndiyo waifai. Njia ya pili ni ya nje: kutoka rauta hadi mnara wa kampuni ya simu, au kwa waya wa faiba kama mji wenu umefikiwa, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam na ng'ambo ya bahari. Watu wengi huziita njia zote mbili waifai, na hapo ndipo fedha zao zinapopotea. Mmoja hununua kifurushi kikubwa zaidi, kumbe shida yake ni ukuta. Mwingine hununua rauta mpya, kumbe shida yake ni mnara. Kasi haiwezi kuzidi ile ya sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, kama vile maji ya bomba yasivyoweza kuzidi pale bomba lilipobanwa.

Namna ya kuzitenga njia hizo ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Zimeni waifai katika simu zote isipokuwa moja. Simameni hatua mbili kutoka kwenye rauta, mkapime kasi kwa programu au tovuti yo yote ya kupimia, mkaandike hesabu yake katika daftari. Kisha nendeni katika chumba mnachokaa siku zote, mkapime tena. Ikiwa karibu na rauta kasi ni njema, na chumbani ni mbaya, ugonjwa uko katika njia ya ndani. Ikiwa hata hapo karibu ni mbaya, basi yamkini ugonjwa uko nje, na kuhamisha viti hakutasaidia. Mwenye kompyuta na waya wa kuunganisha na rauta apime kwa waya huo, maana waya hauna hila za hewa. Walakini angalieni, kupima kwenyewe hula bando: mara moja yaweza kumaliza makumi ya megabaiti, na katika laini yenye kasi pengine zaidi ya mia. Mwenye kifurushi kidogo asipime ovyo.

Pimeni pia kwa saa tatu mbalimbali: saa 11 alfajiri, saa 7 mchana, na saa 2 usiku. Vipimo hivi vitatu vyafundisha mengi. Ikiwa alfajiri mtandao wakimbia na usiku watambaa, mnara umelemewa na watu, maana wote wanaoutumia hugawana uwezo wake. Rauta yako haina kosa. Na ikiwa tangu tarehe mosi hata tarehe kumi mambo yalikuwa mema, kisha yakawa mabaya mchana na usiku, hata alfajiri, hapo tazameni masharti ya kifurushi. Vifurushi vingi viitwavyo visivyo na kikomo vina kikomo cha kasi: ukiisha kutumia kiasi fulani, kampuni hupunguza kasi mpaka mwezi mpya. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo, lakini yameandikwa.

Hapa pana jambo linalowakosesha hata watu wenye elimu. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, bali simu inapopakua faili aghalabu huonyesha megabaiti. Biti 8 hufanya baiti 1. Basi aliyenunua megabiti 10 kwa sekunde ataona megabaiti 1 na robo tu, naye hakudhulumiwa. Kitabu cha shule chenye megabaiti 75 kitamchukua kama dakika moja, mambo yote yakiwa sawa. Walimu wa hesabu, hili lafaa kuwa swali la darasani.

Sasa tuseme habari za njia ya ndani. Nyumba nyingi za Tarime na Serengeti zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na mawimbi ya waifai hudhoofika kila yanapopita ukuta mmoja. Ukuta wa kwanza huyapunguza, wa pili huyachosha, wa tatu pengine huyamaliza. Chuma ni kibaya zaidi, kwa sababu huyarudisha mawimbi yalikotoka. Nyumba ya nje iliyozungushiwa mabati, ambamo vijana hulala, mara nyingi haipati kitu, hata ikiwa ni hatua kumi tu kutoka sebuleni. Maji nayo huyameza mawimbi. Kwa hiyo rauta isiwekwe nyuma ya televisheni, wala ndani ya kabati la chuma, wala kando ya pipa la maji, wala chini sakafuni. Twajua kwa nini watu huificha: wanaogopa wezi na watoto. Lakini rauta iliyofichwa ni kama taa iliyofunikwa. Iwekeni mahali pa wazi, kimo cha mtu aliyesimama, karibu na katikati ya nyumba.

Rauta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini hayana kasi sana. Yale ya pili yana kasi, walakini huchoka upesi ukutani. Mara nyingi utaona majina mawili katika simu, moja likiishia na 5G. Msidhani kwamba hiyo ni 5G ya minara ya simu. Maana yake ni gigahezi 5 tu, si kitu kingine. Ukikaa chumba kimoja na rauta, chagua hiyo. Ukiwa vyumba viwili mbali, chagua ile ya 2.4. Katika mji wa Tarime, palipo na maduka na nyumba za wageni zilizobanana, mawimbi ya 2.4 husongamana, nayo yana mikondo. Mikondo ya 1, 6 na 11 ndiyo isiyoingiliana. Jaribuni ile inayotumiwa kidogo na majirani. Aliye peke yake na rauta katika mlima mzima asijisumbue na habari hiyo.

Tena tazameni ni nani anayetumia. Chini ya rauta pana kibandiko chenye anwani ya namba. Iandikeni katika kivinjari cha simu mliyoiunganisha na rauta, mkafungue ukurasa wa rauta yenyewe. Hapo mtaona idadi ya vyombo vilivyoungwa. Nyumba yenye simu nne ikionyesha vyombo kumi na kimoja, neno la siri limekwisha kuwa la kijiji. Libadilisheni, pasipo kugombana na jirani. Lakini pengine mlaji yumo ndani: simu mpya hupeleka picha zote mtandaoni kwa siri, na kupakua matoleo mapya ya programu, bila mwenyewe kubonyeza cho chote. Mzazi asimpige mtoto kwa kosa la simu.

Njia ya nje yataka subira zaidi, hasa kwa rauta zitumiazo laini ya simu, ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Chombo hicho kina mabwana wawili: chataka kuwa katikati ya nyumba kwa ajili yenu, na chataka kuwa dirishani kwa ajili ya mnara. Watu wa vilima vya Tarime hupata taabu hapa kuliko watu wa tambarare za Serengeti, kwa kuwa kilima kimoja chaweza kusimama kati ya nyumba na mnara, nao mnara uko karibu kabisa. Shauri letu ni kumtii bwana wa nje kwanza. Katika ukurasa wa rauta tafuteni nguvu ya mawimbi ya mnara, ambayo huandikwa kwa namba hasi. Hasi 80 ni njema, hasi 95 yavumilika, hasi 110 ni mbaya. Sogezeni rauta kutoka dirisha moja hadi jingine, ngojeni dakika mbili, mkasome tena. Tumeona mtu akipata kasi maradufu kwa kuivusha rauta upande wa pili wa sebule, pasipo kulipa senti. Ikiwa baada ya hayo vyumba vya ndani vimekosa, ndipo mnapoweza kununua waya mrefu na chombo cha pili cha kutoa waifai. Viko pia vyombo vya kurudufu mawimbi visivyotaka waya, lakini vile vya bei rahisi aghalabu hupunguza kasi kwa nusu. Tena viwekwe katikati ya njia, si pale mawimbi yalipokwisha kufa, maana huwezi kurudufu kisichokuwapo.

Ndugu zetu wa Sirari wana shida yao wenyewe. Isebania ya Kenya imeshikana nao, na simu zao hushika mara mnara wa huku, mara wa kule. Anayetumia simu kuwagawia wengine mtandao achague kampuni yake kwa mkono katika mipangilio, na kuzima matumizi ya data ya nchi za nje, asije akatozwa fedha asizozitazamia.

Umeme nao usisahauliwe. Rauta ipewe adapta yenye volti zile zile zilizoandikwa juu yake. Adapta ya kuazima huiwasha taa lakini huidhoofisha kazi. Wenye umeme wa jua waangalie neno hili sana. Kuizima rauta kwa dakika moja na kuiwasha tena husaidia mara kwa mara, lakini ikiwa mwalazimika kufanya hivyo kila siku, iguseni saa za mchana. Ikiwa moto, iteremsheni kutoka karibu na mabati, wala msiiweke juu ya king'amuzi.

Pengine ugonjwa uko mbali kuliko macho yetu yanavyofika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania yote ikadhoofika kwa siku kadhaa. Wakati kama huo hakuna wa Mugumu atakayeponya jambo kwa kuhamisha rauta. Dalili yake ni hii: muulizeni jirani mwenye laini ya kampuni nyingine. Kama naye analia, ngojeni.

Ikiwa mmekwisha kuyafanya hayo yote, na vipimo vya alfajiri, karibu na rauta, bado ni vibaya wiki nzima, pelekeni malalamiko kwa kampuni yenu. Msiseme tu kwamba mtandao ni mbovu. Semeni tarehe, saa, kasi mliyopima, kijiji, na nguvu ya mawimbi, mkaombe namba ya malalamiko na kuiandika katika lile daftari. Wasipojibu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina ofisi ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza, nayo itawauliza kwanza kama mlianza kwa kampuni. Hapo ndipo namba ile itakapowafaa. Kwa mwalimu wetu wa PEPMIS, wakati angali akingoja, twamshauri aandike maneno yake kwanza katika daftari au faili ya kompyuta, kisha ayaingize katika mfumo saa 11 alfajiri, kabla mnara haujaamka na watu wake.