Nyaya za Spika: Dhahabu Isitudanganye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu nyaya za spika zinazouzwa huku kwetu Geita na Shinyanga.

Baada ya mauzo ya pamba au mpunga, sabufa hunguruma kijiji kizima. Si vibaya, mkulima naye ana haki ya burudani. Ubaya ni pale anapoambiwa dukani kwamba sauti safi haipatikani bila waya wenye vichwa vya dhahabu, naye anatoa fedha nyingi. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tunaamini upesi mno habari zake.

Ukweli ni kwamba uwezo wa dhahabu kupitisha umeme ni kama asilimia 70 tu ya ule wa shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, ndiyo maana hupakwa kwenye vichwa vya kuunganishia. Hata madini ya fedha huizidi shaba kwa asilimia 6 hivi, tofauti ambayo sikio halitaitambua.

Kinachopunguza sauti hasa ni waya mwembamba na mrefu. Tuseme spika ya omu 4 iko mita 10 kutoka kwenye redio. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba utaongeza ukinzani wa karibu omu 0.7, nguvu inayofika kwenye spika itapungua kwa zaidi ya robo, na besi italegea. Ukiweka wa milimita 2.5 za mraba, nyongeza ni omu 0.14 tu.

Baya zaidi ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, ikauzwa kuwa ni shaba tupu. Ukinzani wa alumini ni mara 1.6 ya shaba, na maungio yake hulegea yakapata moto. Kwenye spika hasara ni muziki. Lakini tangu nguzo za REA zifike vijijini, wapo wanaotandaza waya huo huo kwa umeme wa nyumba, na hapo ni hatari ya moto. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo si shaba.

Naomba Shirika la Viwango Tanzania likague magulio pia, si maduka ya mijini tu. Na ninyi wenye maduka, mnaogopa nini kumpa mnunuzi kipande akikwangue kabla hajalipa?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Geita.