Kazi imekwisha, alama imebaki



Alama ya njia ni kama neno la mtu. Ikisema kweli, watu wanaiamini. Ikidanganya mara nyingi, hakuna atakayeisikiliza, hata siku inaposema kweli.

Tazameni njia zetu za Likasi na Kolwezi. Wakati wa kiangazi mafundi wanachimba kwa kupitisha bomba la maji, na wanasimamisha alama: kazi mbele, punguza mwendo. Ni vema. Lakini kazi inakwisha, mafundi wanahamia pahali pengine, alama inabaki. Mwezi unapita, mwingine unapita. Dereva anayepita hapo kila siku anajifunza jambo moja: alama ile ni ya bure. Kisha, nyuma ya alama nyingine kama ile, kuna mtumikaji ameinama na koleo lake. Dereva hapunguzi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari inakwenda zaidi ya mita 16 kila sekunde. Nani atamwambia mke wa yule mtumikaji kwamba alama ilikuwako?

Kosa la pili ni shimo wazi bila alama. Mvua ikianza, shimo linajaa maji, na mtoto anayetoka masomo hawezi kujua kina chake. Mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya alama za njia, ambayo inchi yetu iliyaingia mwaka 1977, yanataka mipaka ya kazi ionekane wazi, na usiku iwe na taa au vitu vinavyong'aa. Ni wajibu, si huruma.

Sisi watu wa mgodi tunajua namna ya kufanya. Fundi wa umeme anafunga mashine kwa kufuli yake, na akimaliza anaiondoa yeye mwenyewe. Akiisahau, mashine haigeuki, na mkubwa wa kazi atamtafuta mara moja. Alama iliyosahauliwa njiani haisimamishi kazi ya mtu yeyote. Kwa hiyo hakuna anayeitafuta.

Na sisi wengine tujitazame. Kamio ikiharibika, dereva anatandika matawi na mawe njiani kwa kuonya wengine. Ikitengenezwa, anaondoka na mawe yanabaki. Usiku mwenye kinga au pikipiki anayagonga. Tena kuna anayechukua pipa la alama kwa kuweka maji nyumbani, au kibao kwa kuwasha moto. Faida ni ndogo, lakini shimo limebaki bila mlinzi.

Basi, tushike haya:

Mkubwa wa kazi: taja mtu mmoja wa kuondoa alama, kama unavyotaja wa kufukia shimo. Kazi haijakwisha mpaka alama ya mwisho imepanda kamio.

Dereva: punguza mwendo mbele ya kila alama, hata ile unayodhani ni ya zamani. Ukiondoka, ondoa mawe yako.

Baba na mama: wakatazeni watoto kuchezea alama na kukaribia mashimo. Mkiona alama ya bure au shimo wazi, mpashe habari mkubwa wa kambi.

Alama ikisema hatari, iwe hatari kweli. Hatari ikiisha, alama iondoke.