Usalama wa Muuguzi Si Hisani

Wahenga walisema mganga hajigangi. Ikiwa hajigangi, basi ni wajibu wa wengine kumkinga. Na wa kwanza katika hao ni mwajiri wake. Leo twapenda kulisema hili kwa ajili ya wauguzi wa vyumba vya upasuaji.

Tuitazame Shanwe, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, huko inakoishia reli itokayo Kaliua. Mama wa Shanwe anapozidiwa na uchungu usiku, ikalazimu apasuliwe, uhai wake na wa mwanawe umo mikononi mwa watu wachache. Mmoja wao ni muuguzi, ambaye humpa daktari kisu na kukipokea, na huzihesabu sindano zilizokwisha kutumika. Yeye yu karibu mno na damu na ncha kali, naye ndiye tunayemsahau kwanza tunapotoa shukrani.

Hatari yenyewe inajulikana. Sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini aina ya B ikimchoma mtu asiyechanjwa, huweza kumwambukiza mara 6 hadi 30 katika kila 100. Kwa virusi vya UKIMWI, ni kama mara 3 katika kila 1,000. Kinga nayo inajulikana: chanjo ya homa ya ini, glovu mbili mbili, kisu kuwekwa katika trei badala ya kukabidhiwa mkono kwa mkono, sanduku gumu la kutupia sindano. Aliyechomwa aanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI upesi, kabla ya saa 72 kupita, na azitumie kwa siku 28.

Wala hatuna upungufu wa sheria. Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani, uhusuo wauguzi, ulipitishwa mwaka 1977, na Tanzania ikauridhia mwaka 1983. Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Zanzibar ina yake ya mwaka 2005. Kwa hiyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba Shanwe ni mbali. Afya si jambo la Muungano, lakini sindano haiulizi mipaka.

Tangu mwaka 2017 Serikali imeboresha mamia ya vituo vya afya ili vitoe huduma ya upasuaji wa dharura. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini chumba cha upasuaji chahitaji glovu za kila mwezi, si za siku ya uzinduzi tu. Zikiisha saa nane ya usiku na mama yuko mezani, muuguzi hatamwacha afe. Tusiusifu ujasiri huo na kunyamaza; tuulize ni nani aliyepaswa kuagiza glovu na hakuagiza.

Twawaonya pia viongozi wanaokagua. Daftari la ajali likiwa tupu, msifurahi upesi. Huenda hakuna aliyechomwa. Huenda pia waliochomwa waliogopa kulaumiwa. Na ajali isiyoandikwa humwachia muuguzi kazi ngumu ya kuthibitisha madai yake ya fidia.

Wapo watakaosema viwango ni vya nchi tajiri. Ifakara yawajibu. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2009: kwa jumla, vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila 100. Orodha ile ni karatasi moja, na kuhesabu sindano ni sehemu yake.

Basi kila Mganga Mkuu wa Wilaya na ajibu maswali matatu: wauguzi wangapi wa upasuaji wamekamilisha chanjo? Glovu zilizopo zatosha siku ngapi? Aliyechomwa usiku wa leo atapata wapi dawa kabla ya mapambazuko? Asiye na majibu asingoje mkaguzi. Aanze kuyatafuta leo.