Barazani Kwetu: Hoki ya barafuni yamfikia bibi

Tuliahidi mwezi huu kumalizia ile habari ya foleni ya bomba. Tusameheni, foleni haikimbii, itakuwepo tu. Barazani kwetu kumezuka jambo jingine, tumeona tulieleze lingali moto.

Wanaotujua wanajua tunavyokaa. Upande mmoja sisi, watu wa pwani ya Palma, tulioondoka visiwani mwaka 2020, Vamizi ilipovamiwa. Upande wa pili jirani yetu, mama wa Kikongo, mtu wa Fizi, ambaye alitutangulia hapa kambini kwa miaka mingi. Ukuta ni mmoja na jiko ni moja. Binti yake alipata safari ya Kanada mwaka 2018 pamoja na watoto, wako mji wa Winnipeg. Mjukuu wa kwanza aliondoka ana miaka minne. Sisi hatukumkuta, tulikuta picha yake ukutani. Sasa ana miaka kumi na mmoja.

Shida yenyewe ni hii. Kila Jumapili simu ikilia, bibi anampokea mjukuu kwa furaha. "Jambo bibi." "Jambo sana, mujukuu wangu." Halafu kimya. "Umekula?" "Ndiyo." "Umekula nini?" Kimya tena, mega zinakwenda. Kiswahili kimemtoka mtoto, na bibi Kiingereza hana. Mara simu inarudishwa kwa mama yake. Bibi akishakata, huchukua ungo akachambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Tumeliona hilo Jumapili nyingi, na hatukuwa na la kusema.

Sasa mwezi uliopita ikaja video. Watoto wamevaa makofia ya chuma usoni, mabega makubwa kama wamefungiwa magunia, wanakwenda mbio mahali peupe kabisa, wana magongo mikononi. Mmoja anagongana na mwenzake anaanguka. Bibi akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka: "Banamupiga mutoto yangu!" Akataka simu ipigwe saa ile ile binti aulizwe ni shule gani hiyo inafundisha watoto kupigana na fimbo. Kule ilikuwa usiku wa manane.

Sisi tukaangalia ile video, tukaiangalia mara ya pili, tukaanza kucheka. Tukamwambia, mama, tulia, huu mchezo sisi tunaujua. Akatutazama vile. "Munaujua wapi? Kule kwenu Rongui kuna barafu?"

Hapo alitushika. Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya kuwekea samaki, inayoletwa kwa mashine ndani ya makasha, na ukichelewa unakuta maji. Lakini tulikuwa tumesema kweli, au nusu ya kweli, kwa hiyo tulibidi tumweleze.

Mwaka 2011 tulikuwa dago Rongui. Kwa wasiokijua, Rongui ni kisiwa kidogo kaskazini ya Vamizi, mchanga na msitu, na wavuvi wanaokwenda kukaa kwa msimu wakapiga mbonji chini ya makuti. Jioni mkishaanika samaki hakuna la kufanya. Mzee wetu wa dago alikuwa na redio ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifumuke. Siku moja redio ya taifa ikawa inapiga kelele kwa Kireno kuliko kawaida. Mmoja wetu aliyesoma Pemba akasikiliza, akasema: timu ya Msumbiji iko Argentina, mji wa San Juan, kwenye kombe la dunia. Tukadhani mpira wa miguu. Akasema hapana, ni hoki, wanacheza na magongo, na wamevaa viatu vyenye magurudumu.

Magurudumu? Alijaribu kueleza. Viatu vina magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma, uwanja ni sakafu laini, wachezaji watano kila upande pamoja na golikipa, na kimpira kigumu unakisukuma kwa gongo lililopinda. Mzee mmoja wa dago letu mpaka leo anaamini wale vijana walikuwa wamepanda mikokoteni. Lakini yule wa Pemba alikuwa na kipaji. Redio ikisema maneno kumi, yeye anatupa ishirini, kwa Kimwani chetu, na kila goli anapiga tenga la samaki kwa kijiti. Hatukuona hata sekunde moja ya mchezo ule, tuliupenda kwa masikio. Na Msumbiji ikatoka ya nne duniani! Hispania ya kwanza, Argentina ya pili, Ureno ya tatu, halafu sisi. Nchi ambayo watu wengi tukitajwa tunatajwa kwa vimbunga na vita. Usiku ule hakuna aliyelala mapema, na asubuhi tulichelewa maji, mzee akatutukana.

Mchezo ule wa magurudumu uliletwa huku na Wareno, ukakaa zaidi mji mkuu, enzi hizo ukiitwa Lourenço Marques, leo Maputo. Sisi wa kaskazini tulikuwa mbali nao kama tulivyokuwa mbali na mambo mengi ya Maputo. Ulionyeshwa hata kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mara moja tu, kama mchezo wa kuonjesha. Na mwaka 2013 kombe lake la dunia lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Angola, miji ya Luanda na Namibe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hoki ni ya watu wa baridi peke yao.

Bibi akasikiliza yote, kisha akauliza la maana: "Sasa ule wa mutoto una magurudumu?" Hauna. Ule una makali ya chuma chini ya kiatu, na uwanja ni maji yaliyogandishwa. Wachezaji ni sita pamoja na golikipa, wanacheza vipindi vitatu vya dakika ishirini. Wanabadilishana bila kusubiri refa. Anatoka huyu anaruka ndani yule huku mchezo unaendelea, ndiyo maana mgeni akiangalia anaona fujo tu. Na si kimpira, ni kisahani cha mpira mgumu, upana wa sentimita saba na nusu hivi, uzito kama gramu 160. Kwenye mechi kubwa hukigandisha kwanza kisije kikadundadunda. Bibi akasema ni kitumbua. Tukakubali, tangu siku hiyo barazani kwetu kinaitwa kitumbua.

Lakini kile kilichomuuma kilikuwa kugongana. Hapo tulitafuta habari kwa kijana mmoja mwenye simu nzuri, na tukapata ya kumtuliza. Wakubwa wanaruhusiwa kugongana mwili kwa mwili, kweli, na wanaangushana vibaya. Watoto wa umri wa mjukuu wake, shirika la hoki la Kanada liliwakataza hilo mwaka 2013. Anayemgonga mwenzake kwa makusudi anatolewa dakika mbili, anakaa kwenye kibanda pembeni, timu yake inabaki pungufu. Bibi akataka aonyeshwe kibanda. Tukarudisha video, tukakiona. Yule aliyemgonga mjukuu alikuwa amekaa humo ndani, kichwa chini. Bibi akasema, "Vizuri sana." Tangu hapo akawa anaangalia kwa jicho jingine.

Ndipo tukajiuliza sisi wenyewe, mtu huanzaje kuupenda mchezo ambao hajauzaliwa nao? Tukaulizana na wengine wa kambini wenye ndugu nje, na kijana wa simu akatusomea. Tukakuta hatuko peke yetu.

Nairobi, barabara ya Mombasa, kuna hoteli inaitwa Panari. Mwaka 2005 walifungua ndani yake uwanja wa barafu, mdogo, wa watu kuteleza na kujifurahisha. Vijana wa Kenya wakaanza kuuchezea hoki, wakajiita Ice Lions. Tabu yao ilikuwa moja, hawakuwa na timu ya kucheza nayo. Wamevaa, wamejifunza, halafu wanacheza wao kwa wao tu. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada ikawachukua mpaka Toronto, wakapewa vifaa kamili, wakacheza na timu ya wazima moto, na upande wao wakaongezewa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao ni kama kuongezewa Messi na Ronaldo. Watu wengi wa Afrika Mashariki ile filamu fupi ndiyo iliyowaonyesha hoki kwa mara ya kwanza. Na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafuni.

Halafu kuna Wasomali wa Borlänge. Hii tunaomba muisome taratibu, kwa sababu ni wakimbizi kama sisi. Borlänge ni mji mdogo wa Uswidi, Wasomali wengi walipelekwa pale. Wenyeji na wageni walikuwa hawasemezani. Basi mwaka 2013 vijana wa Kisomali, pamoja na baadhi ya wenyeji, wakaunda timu ya taifa ya Somalia ya bandi. Bandi ni ndugu yake hoki, inachezwa barafuni lakini na mpira, watu kumi na mmoja kila upande, uwanja mkubwa kama wa kandanda. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa viatu vile. Januari 2014 wakaenda Irkutsk, Urusi, kwenye kombe la dunia lenyewe. Walifungwa, tena walifungwa vibaya, tusifiche. Lakini filamu ikatengenezwa juu yao, watu wakawajua. Na mashabiki wao wa kwanza si watu waliojua bandi. Walikuwa watu wanaomwona mtoto wa jirani amevaa bendera.

Na hili tulilipenda zaidi. Kanada kuna Wapunjabi wengi, watu wa India, na wazee wao walikuwa wakiona hoki kwenye televisheni hawaelewi kitu. Tangu mwaka 2008 mechi za Jumamosi zikaanza kutangazwa kwa Kipunjabi. Tumesikia kipande, mtangazaji analia jina la mfungaji mara nyingi kama mwadhini aliyepata habari njema. Wazee waliokuwa wakikaa jikoni wakaja sebuleni, wakakaa na wajukuu. Sisi tukatazamana. Yule wa Pemba na tenga lake!

(Kabla hatujasahau, kwa wale ndugu zetu wa Tanzania wanaopita hapa kila mwezi kutudai gazeti: mchezaji mmoja wa ligi kubwa ya Amerika, Chris Nielsen, aliyeichezea Columbus mwanzoni mwa miaka ya 2000, alizaliwa Moshi. Ni Mkanada, lakini Moshi ni Moshi.)

Turudi Winnipeg. Mji ule una timu, Jets. Tukamsimulia bibi kwamba mwaka 1996 timu ile ilihamishwa, ikapelekwa Marekani, kusini kwenye jangwa, watu wa mji wakalia barabarani. Wakakaa miaka kumi na tano hawana timu. Ikarudi nyingine mwaka 2011, mwaka ule ule wa sisi na redio. Mechi ya kwanza nyumbani, tarehe 9 Oktoba, walifungwa tano kwa moja na Montreal, na bado watu walisimama wakashangilia. Bibi alinyamaza kidogo. Akauliza, "Miaka kumi na tano, na banaikumbuka?" Tukamwambia waliikumbuka. Akaenda kuangalia sufuria yake.

Jumapili iliyofuata alikuwa amejitayarisha. Alitufundisha sisi tukae karibu lakini tusiongee. Simu ikalia. "Jambo bibi." "Jambo sana." Halafu kabla kimya hakijaingia, akauliza: "Ule aliyekugonga, alikaa dakika mbili?"

Upande wa pili tukasikia mtoto anavuta pumzi. Kisha akaanza. Maneno yalikuwa nusu Kiingereza, nusu Kiswahili cha kutafutatafuta, "bibi, yeye, eee, anakaa, mbili, halafu mimi nalifunga!" Hakuwa na neno la kisahani. Bibi akamsaidia: "Kitumbua." Mtoto akacheka sana, akasema kitumbua, kitumbua, akamwita mama yake amwambie. Akaeleza rangi ya jezi na namba yake mgongoni. Akaeleza na mto wa mjini kwao unavyoganda wakati wa baridi mpaka watu wanateleza juu yake, jambo ambalo bibi alikataa kabisa kuliamini, wakabishana. Wamebishana! Watu ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa na "umekula" peke yake.

Mega ziliisha katikati ya ubishi. Kwa hiyo jambo la mto halijakwisha, na bibi ametutuma tutafute picha yake, awe nayo mkononi Jumapili. Mwenye ndugu Winnipeg anayeweza kututumia, atuletee hapa barazani, ukuta wa pili kutoka kinu cha unga, wakati wowote baada ya alasiri. Na hiyo foleni ya bomba, mwezi ujao.