Salme Hakukata Undugu, Alikatiwa

Katika darasa letu la Kiswahili hapa Juba tulisoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, na wenzangu wengi wakatoa hukumu moja: alijitakia. Alimfuata Mjerumani, akaacha ukoo na dini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naipinga hukumu hiyo, na ninawaomba mnisikilize.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said, na mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Mabinti wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili maneno ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba alifariki mwaka 1856, na Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alikula njama ya kumpindua. Dada yao Khole alimvuta Salme upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, msichana wa miaka 15 akawa karani wa uasi.

Sasa tuwapime hawa wawili kwa mizani moja. Uasi uliposhindwa, Barghash alipelekwa Bombay. Baadaye alirudi, na Majid alipofariki mwaka 1870, akakalia kiti chake. Aliyemwinulia ndugu yake silaha alipewa nchi.

Salme alipata mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa huko Aden. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Aliporudi Zanzibar mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua za uasi, alikataa hata kumpokea.

Mtasema sheria ya mirathi ya Kiislamu haimpi fungu aliyetoka katika dini. Sibishani na masheikh juu ya fungu. Lakini salamu ya dada si fungu la mirathi, nayo pia ilikataliwa. Mtasema tena kwamba alikuja na manowari za Wajerumani waliotaka kumtumia kwa faida yao. Ni kweli walimtumia. Lakini ni nani aliyemfungia mlango wa nyumbani hata mjane yule akasimama nyuma ya Bismarck?

Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii tunawahimiza nayo dada zetu, lakini kaka zetu hatuwaulizi wameitimiza vipi. Katika jamii zetu nyingi za Sudan Kusini, ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwozesha kaka. Ng'ombe wakishaingia zizini, dada akirudi mjane na watoto, anaambiwa: wewe sasa ni wa watu wengine. Akiolewa na mtu asiyetakiwa na ukoo, jina lake halitajwi tena. Na kaka aliyegombana na baba yake kwa mkuki anaitwa mezani siku ya upatanisho.

Katiba yetu ya mpito ya mwaka 2011 inampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata sehemu ya mirathi pamoja na warithi wengine. Maneno hayo yamo katika kifungu cha 16. Kazi iliyobaki ni yetu, tunaokaa kwenye vikao vya ukoo na kunyamaza.

Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924. Alikuwa ametunza mfuko wa mchanga wa Zanzibar, akazikwa nao Hamburg. Anayeukana ukoo wake hatunzi mchanga wa kwao miaka yote hiyo. Basi wenzangu, kabla ya kuuliza kwa nini dada aliondoka, tuulize kwanza ni nani aliyekataa kumfungulia aliporudi.