Konti imefungwa, na siku za kazi zikatwe?



Mwenzetu mmoja alipata kontra ya miezi mitatu. Tangu amalize lisansi alikuwa ameacha dosie karibu katika kila biro ya hapa Bukavu, kwa hiyo siku alipotuonyesha karatasi yenye sahihi tulifurahi kama ni yetu sisi wote. Wiki ya tano wakamunyang'anya simu karibu na soko la Kadutu. Simu ikaenda pamoja na kadi ya SIM. Akanunua nambari mpya, akaazima simu ya dada yake, akaandika neno lake la siri kwenye Teams. Neno lilikuwa sawa. Teams ikamwambia: ingiza kode tuliyokutumia. Kode ilikuwa imetumwa kwa ile nambari iliyo mfukoni mwa mwizi.

Akamwandikia msimamizi wa mfumo. Huyo alikuwa inchi ingine, tena kwenye likizo. Akaenda kwa sefu wake. Jibu: « Miye siko mutu wa informatiki, ungojee. » Akangojea siku tisa. Raporti alikuwa anazituma kwa WhatsApp, wakamwambia hazihesabiki juu hazikupita kwenye mfumo. Mwisho wa mwezi zile siku tisa hazikulipwa. Shirika hatulitaji, juu si lile peke yake. Tulipoeleza habari hii kwenye mkutano wetu, watu wanne wakainua mkono: hata mimi.

Tunasema wazi: mtu aliyefungiwa konti hakutoroka kazi. Mwisho wa 2018, wakati serikali ilikata intaneti na mesaji karibu siku 20 baada ya uchaguzi, hakuna aliyesema vijana wa kazi za mtandao ni wavivu. Sasa kwa nini mlango ukifungwa na biro yenyewe, lawama inaangukia aliye inje?

Na kinachotuchoma zaidi ni hiki: dawa iko ya dakika chache. Kwenye Google Workspace, msimamizi anaweza kumtolea mfanyakazi kode za akiba hapo hapo. Kwenye mfumo wa Microsoft anaweza kumlazimisha aandikishe simu mpya, ao kumpa kode ya muda ya kuingilia. Kwenye Slack, mwenye uwanja wa kazi anaweza kuondoa ule ulinzi wa hatua mbili kwa mtu mmoja, kisha mtu auweke upya. Hakuna fundi wa kutoka Ulaya anayehitajika. Kinachohitajika ni mtu mwenye haki hiyo, na mtu huyo apatikane. Siku tisa zilipotea juu ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu, na mtu mmoja anagonjwa, anasafiri, anaenda likizo.

Lakini tusiwaseme wakubwa peke yao. Sisi vijana pia tunajifungia.

Tuanze na kosa dogo linalotuonea kila mara. Unaambiwa neno la siri ni baya, unabadilisha, unabadilisha tena, kumbe uko kwenye mlango wa jirani. Kwenye Slack kila uwanja wa kazi uko na anwani yake na neno lake la siri, hata kama barua pepe ni moja. Walikualika kwa barua pepe ya kazi, wewe unaingilia na Gmail yako: hautakuta kitu. Kwenye Teams, kama wewe ni mgeni katika shirika lingine, bonyeza picha yako juu, uchague shirika lile. Angalia hiyo kwanza, kabla ya kupiga piga maneno ya siri kumi. Ukikosea mara nyingi mfumo wenyewe unakufungia kwa muda, na kila ukirudia bila kupumua muda unaongezeka.

Halafu saa. Hii njo inatuhusu sisi wa mashariki kabisa. Programu zinazotoa kode ya tarakimu sita, ile inayobadilika kila sekunde 30, hazitumii mtandao. Zinatumia saa ya simu. Inchi yetu iko na saa mbili: ya Kinshasa, na ya kwetu iliyotangulia saa moja. Wengi simu ikibaki kwenye saa ya Kinshasa, tunasogeza mshale kwa mkono bila kubadilisha ukanda. Machoni saa iko sawa, ndani ya simu iko uongo, na kila kode inakataliwa. Rudisha saa na tarehe kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe, na mara nyingi mlango unafunguka. Tumemwona dada mmoja akilia karibu juu ya jambo hilo siku ya kutoa raporti. Lilikwisha kwa dakika moja.

Kode za mesaji tuziepuke pale tunapoweza. Sisi tuko watu wa nambari mbili, tatu, Airtel kwa huku, Vodacom kwa kule, Orange juu ya mega. Nambari ukiiacha muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Tumia programu ya kode, na siku hiyo hiyo utoe kode za akiba. Google inakupa kumi, kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uziache nyumbani kwa mama. Kuzipiga picha na kuziacha kwenye simu ni bure: mwizi anabeba vyote. Na mtu akikuandikia « nitumie ile kode niliyokosea kutuma kwako », hata kama jina ni la rafiki, usitume. Rafiki huyo pengine konti yake imeibwa tayari.

Tukubali na aibu yetu. Dosie za kikundi chetu zilikuwa kwenye Gmail ya mwenzetu mmoja. Alipoenda Kampala kusoma, simu ikaharibika, nambari ya Kongo ikakufa, na sisi tukakaa miezi miwili bila liste ya wanachama wala hesabu za michango. Hakuwa mwizi. Tulikuwa tumemwachia ufunguo peke yake, sisi wenyewe tunaoimba uwazi kila asubuhi. Slack nayo iko na mwenye nyumba mkuu mmoja tu, na ni yeye peke yake anaweza kumpa mwingine nafasi hiyo. Tena kwa wanaotumia bila kulipa, mazungumzo ya zaidi ya siku 90 hayaonekani. Mukigombana miezi mitatu juu ya ufunguo, siku mutakapoingia mutakuta chumba kitupu.

Kwa hiyo tunaomba mashirika na makampuni yanayochukua vijana hapa mujini: wasimamizi wawili kwa uchache, mmoja awe hapa hapa. Kode za akiba zitolewe siku ya kusaini kontra, si siku ya kilio. Jina na nambari ya mtu wa kuita liandikwe ndani ya kontra. Na siku zote ambazo mfanyakazi alijulisha kwa maandishi kwamba amefungiwa, zihesabiwe na zilipwe.

Neno « kwa maandishi » tunalirudilia. Ukifungiwa, andika siku hiyo hiyo: saa ngapi, ujumbe gani ulionekana, umemwita nani. Piga picha ya skrini na simu ya mwenzako. Mwenzetu alikuwa na picha hizo, na juu yake tumeweza kumsaidia kuandika barua ya kudai siku zake tisa. Ilipokelewa, kachet iko juu. Jibu bado. Jumatatu saa tatu asubuhi tunarudi naye mapokezini kuuliza. Anayeweza kuja, aje.