Binti wa Yairo ana miaka 12



Leo naomba tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Tumezoea kuihubiri kama habari mbili: ya mwanamke aliyetokwa damu na ya binti wa Yairo. Lakini Marko amezisuka pamoja na kuzifunga kwa namba moja. Mwanamke ameugua miaka 12. Binti ana miaka 12. Maana yake ni kwamba mama yule alianza kuugua wakati mtoto huyu anazaliwa.

Habari hii hunijia kila wahudumu wa afya wanapokwenda shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Sisemi kwamba mwanamke wa Marko alikuwa na saratani. Biblia haisemi hivyo. Lakini muuguzi yeyote aliyehudumia wodi ya wagonjwa hawa atamtambua. Damu isiyokoma. Fedha zilizokwisha kwa waganga huku hali ikizidi kuwa mbaya. Na aibu, kwa sababu Torati ilimhesabu kuwa najisi, kama ambavyo leo mama mwenye ugonjwa huu hujitenga ibadani akihofia harufu. Wengi hufika Hospitali ya Ocean Road wakati saratani imeshasambaa.

Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 10,000 hupata saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufariki. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Karibu yote husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu kirusi kiingie hadi saratani ijitokeze. Ndiyo maana chanjo hutolewa mapema, kabla binti hajakutana na kirusi. Anayechanjwa leo akiwa na miaka 12 analindwa kwa ajili ya siku atakapokuwa mama wa miaka 35 mwenye watoto wanaomtegemea.

Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Wapo waliodhani dozi imepunguzwa kwa kubana matumizi. Sivyo. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki katika utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, na kinga ya dozi moja ikaonekana kutosha. Kwa hiyo ushahidi huu haukuletwa kwa meli. Sehemu yake imetoka kwa mabinti zetu wenyewe.

Mwanza ilitufundisha jambo jingine pia. Kuanzia mwaka 2010 chanjo hii, wakati huo ikiwa dozi tatu, ilipelekwa katika shule za msingi 134. Baadhi ya shule zilichanja wasichana wote wa darasa la sita, nyingine zikachagua wenye umri fulani tu. Walipochanja kwa darasa, karibu asilimia 79 walikamilisha dozi zote; walipochagua kwa umri, asilimia 72. Nionavyo mimi, mtoto akiitwa peke yake hujiuliza ana kosa gani, lakini darasa zima likipanga mstari hofu hupungua. Miongoni mwa sababu za wazazi kukataa ulikuwamo uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi.

Uvumi huo haukuanzia kwa mwalimu mkuu. Unatembea kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ya kwaya na ya jumuiya, na siku ya chanjo mtoto anabakizwa nyumbani "anaumwa tumbo". Ukweli ni kwamba chanjo hii haigusi uzazi. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, maana mara nyingi matibabu yake ni kuondoa kizazi au mionzi.

Lipo pingamizi jingine linalotoka kwetu sisi wacha Mungu: binti yangu amelelewa katika maadili, chanjo ya ugonjwa wa zinaa ya nini? Ni kweli kirusi hiki huenezwa kwa kujamiiana. Lakini binti aliyejitunza hadi siku ya ndoa ataolewa na mwanaume ambaye hajui historia yake yote. Wapo wake waaminifu kabisa tuliowazika kwa ugonjwa huu. Na wapo mabinti ambao hawakuulizwa wala hawakukubali. Hilo nalo tunalijua, hata kama hatulitaji madhabahuni. Chanjo haimfundishi mtoto uzinzi, kama vile ya pepopunda isivyomfundisha kukanyaga misumari.

Mtazame tena Yairo. Alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima, na hakumtuma mkewe. Alikwenda mwenyewe, akapiga magoti mbele ya watu. Katika nyumba zetu nyingi baba hajui hata mtoto yuko darasa la ngapi, lakini neno lake la "hapana" ndilo hufunga mjadala wa chanjo. Wachungaji na mapadre, mnaweza kuwasaidia akina baba hawa. Jumapili kabla ya siku ya chanjo mwiteni muuguzi wa zahanati wakati wa matangazo, asimame dakika 10 na kujibu maswali. Mzazi anayeuliza si adui wa chanjo. Anayestahili kutolewa nje, kama wale waliomcheka Yesu nyumbani kwa Yairo, ni anayesambaza uongo akijua ni uongo.

Nimalizie na binti mmoja ambaye mpango wa shule haumfikii. Ana miaka 13, na anaishi katika nyumba nyingi za wasomaji wa safu hii. Tunamwita dada wa kazi. (Kwa nini yuko jikoni wakati wenzake wako darasani ni swali ambalo tutaulizwa siku moja.) Binti wa mwenye nyumba atachanjwa shuleni, huyu hatachanjwa, kwa sababu hana shule. Kituo cha afya kinampokea, bila malipo vilevile. Kesho Jumatatu, ulizeni zahanati ya mtaa wenu siku yao ya chanjo, mkampeleke.